Mbele ya Daktari, Mtaje na Shangazi

Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, wenyeji wa Kilosa na milima ya upande wa Mikumi, huhesabu ukoo kwa mama. Basi ni rahisi kwa mwanamke wa huku, akiulizwa kama kwao kuna aliyewahi kuugua saratani ya titi, kumtaja bibi mzaa mama, mama mkubwa na mama mdogo, akaishia hapo. Shangazi aliyefariki na kidonda cha ziwa kule Kimamba hatajwi. Huyo ni wa upande wa baba.

Ugonjwa hauhesabu hivyo. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika kromosomu ya 17 kuna jeni ambayo ikiwa na hitilafu, saratani ya titi huiandama familia. Jeni hiyo, BRCA1, na mwenzake BRCA2, hurithiwa kwa baba sawasawa na kwa mama. Baba anaweza kuwa na hitilafu hiyo maisha yake yote asiugue, akamrithisha binti yake. Mwanamke aliyeirithi ana uwezekano unaokaribia asilimia 70 wa kuugua kabla ya kutimiza miaka 80. Wagonjwa wa namna hii si wengi, ni kati ya 5 na 10 katika kila 100, na wengi wanaougua hawana ndugu aliyewatangulia. Kwa hiyo asiye na historia naye asijione amesalimika.

Kipimo cha jeni si cha kukikuta hospitali ya wilaya. Kumbukumbu ya familia ndiyo tuliyo nayo, na hakuna wa kuileta ila wewe.

Wengi wetu huenda zahanati na daftari la shule. Fungua ukurasa wa mwisho, piga mstari katikati: kwa mama, kwa baba. Andika kila aliyeugua ni nani kwako, aliugua nini, akiwa na umri gani. Umri una uzito mkubwa. Mama mdogo aliyeugua akiwa na miaka 36 anamweleza daktari mengi kuliko bibi aliyeugua akiwa na 75. Ukiwauliza wazee, utaambiwa "alikuwa na jipu lisilopona" au "alirogwa, ziwa likaoza". Andika vivyo hivyo. Usimwache mwanamume aliyeota uvimbe kifuani, wala aliyekufa kwa saratani ya ovari au ya tezi dume.

Kuandika ni rahisi, kusema ndiko kugumu. Tumelelewa kumheshimu daktari, tunaitikia "sawa, daktari" hata tusipoelewa. Inasemwa kwamba nchini mwetu takribani wagonjwa 8 kati ya 10 hufika saratani ya titi ikiwa hatua ya tatu au ya nne, na lawama zote huangushiwa mwanamke: alichelewa, alianzia kwa mganga. Linaloniuma ni kwamba wapo waliowahi. Walikwenda na kinundu kidogo, wakaambiwa bado ni wadogo kwa saratani, wakapewa dawa za jipu na kurudishwa nyumbani.

Ni kweli vinundu vingi si saratani. Lakini kwa macho na vidole pekee hakuna awezaye kuapa. Sema: "Samahani daktari, mama yangu mdogo alifariki kwa saratani ya ziwa akiwa na miaka 36. Naomba uliandike hilo, na naomba nipimwe altrasaundi." Ukipewa dawa, uliza urudi baada ya siku ngapi, ukirudi na kinundu bado kipo, usikubali dozi ya pili, uliza habari ya kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Kama pale kipimo hicho hakifanyiki, omba barua ya rufaa ya Morogoro au ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, basi hesabu siku zako. Majibu yakitoka, dai nakala yako. Nenda na dada au mume, maana ukishasikia neno saratani masikio huziba.

Inashauriwa mabinti wa familia ya namna hii waanze kuchunguzwa miaka 10 kabla ya umri alioanza kuugua ndugu wa karibu aliyekuwa mdogo kuliko wote. Kama mama aliugua akiwa na 40, binti aanze akiwa na 30. Na watoto wa kiume nao waambiwe, kwa ajili ya mabinti watakaowazaa.