Saa iliyojifunza Bergen

Kuna faili liko wazi mtandaoni, na ukilifungua utadhani ni takataka za kompyuta: tarehe, dakika, namba. Sifuri, sifuri, sifuri, kisha namba inaruka, inashuka, sifuri tena. Siku moja ni mistari 1,440, kila dakika na mstari wake, na kila namba ni kipimo cha jinsi mkono uliovaa saa ulivyotikisika. Watafiti wa Norway walilitoa mwaka 2018: wagonjwa 23 wa sonona, baadhi yao wenye baipola, na watu 32 wa kulinganisha nao. Hakuna jina, hakuna malalamiko. Lakini shuka nayo taratibu ile safu, utamwona mtu anavyogeuka kitandani, anavyotulia, anavyoamka kabla ya jogoo.

Tangu hapo limenikaa kichwani. Wanaosoma usingizi kwa namba kama hizi wanataka siku moja saa ya mkononi imshtukie mgonjwa wa baipola anayeanza kupanda, yaani kuchangamka kupita kiasi, au kuzama kwenye sonona, kabla ndugu zake hawajashtuka.

Kwa nini usingizi? Aliyenifungua macho ni daktari Thomas Wehr wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani. Mwaka 1987 yeye na wenzake walieleza kwamba kukosa usingizi si dalili ya kupanda tu, ni njia yenyewe. Msiba, safari, mtoto mchanga, vyote vinaingilia mlango mmoja: vinakata usingizi. Aliyeanza kupanda halali, na asipolala anazidi kupanda. Mwaka 1998 Wehr akaeleza habari za mgonjwa aliyekuwa akipanda na kuzama mfululizo. Akampumzisha gizani saa 14 kila usiku, baadaye akazipunguza hadi 10. Hali ikatulia. Ni mgonjwa mmoja tu, najua, lakini giza halina bei.

Vifaa navyo havijatamba sana. Denmark walijaribu kufuatilia wagonjwa kwa simu za mkononi. Majibu ya 2015 hayakuonyesha kwamba kwa jumla waliofuatiliwa walipata nafuu kuliko wenzao.

Sasa wavishe saa hiyo watu wa huku Manyara, Tanzania. Wale wa kulinganishwa nao kule Bergen, mji wa Norway lilikotoka lile faili, wengi wao walikuwa wafanyakazi wa hospitali na wanafunzi. Mfugaji wa Basotu aliyekesha na ng'ombe anayezaa ataonekanaje? Na mkulima wa Mbulu aliyeingia shambani saa kumi na moja alfajiri?

Halafu kuna Jumapili ile ya 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na watu zaidi ya 80 wakafa. Nani alilala wiki ile? Saa ingelia wilaya nzima. Na kwa hoja ya Wehr isingekuwa imepotoka sana, maana kwa mwenye baipola mkesha wa msiba ni hatari ya kweli. Ila ingemtenganishaje na jirani yake anayelia tu?

Tuseme imeweza. Imelia saa tisa usiku, kijijini huko nyuma ya Dongobesh, mvua imekata barabara ya kwenda Hospitali ya Haydom. Ujumbe uende kwa nani: kwa mgonjwa anayejiona mzima kuliko siku zote, kwa mumewe, au kwa muuguzi? Na huyo atakayeupokea, afanye nini kabla hakujakucha?