Kifungo cha maisha: marefu yasiyo na ncha?

Muhula uliopita, katika kikao chetu cha Jumatano, tulisoma habari ya gazeti kutoka Kenya pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ilikuwa habari fupi: mahakama imemrudishia mtu kifungo cha maisha. Mwanafunzi mmoja Mwingereza, ambaye bado anahangaika na ngeli, alinyoosha mkono akauliza, “Samahani, maisha ni miaka mingapi?”

Tulicheka, tukidhani neno limemshinda. Lakini mwenzetu anayesoma sheria hakucheka. Alituambia kwamba majaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiulizana swali hilo hilo kwa miaka, na majibu yao hayalingani. Jioni hiyo hatukurudi tena kwenye ngeli. Makala haya yametokana na mjadala ule na yale tuliyoyasoma baadaye.

Maisha ya Malindi na maisha ya Kisumu

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika kesi maarufu ya Muruatetu, kwamba kumlazimisha jaji atoe adhabu ya kifo kwa kila kosa la mauaji, bila kupima hali ya mkosaji, ni kinyume cha Katiba. Waliofungua kesi hiyo waliomba na jambo la pili: mahakama iseme kifungo cha maisha ni muda gani. Hapo majaji walijizuia. Walisema hiyo ni kazi ya Bunge, wakapendekeza Mwanasheria Mkuu na Bunge walishughulikie.

Miaka ikapita, na pengo likabaki. Tarehe 7 Julai 2023 Mahakama ya Rufaa, ikikaa Malindi, ilisema kifungo kisicho na kikomo kinamvunjia mfungwa utu wake na kumnyima nafasi ya kujirekebisha. Ilikiondoa, ikaweka miaka 40. Desemba ya mwaka huo huo majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo, wakikaa Kisumu, walikubali kwamba maisha yawe na idadi, lakini wao walihesabu 30. Basi kwa muda maisha yalikuwa miaka 40 pwani na miaka 30 ziwani.

Tarehe 11 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi wa Malindi. Ilisema suala la uhalali wa kifungo cha maisha halikuwa limeibuliwa kwa utaratibu tangu mahakama za mwanzo, na kwamba kupanga idadi ya miaka ni kazi ya Bunge. Mfungwa akarudishiwa maisha. Hiyo ndiyo habari tuliyokuwa tukiisoma.

Tusifiche kosa lenyewe. Mtu huyo alitiwa hatiani kwa kumnajisi mtoto mdogo asiyefika hata umri wa kwenda shule. Tuliposoma sehemu hiyo kikao kilinyamaza. Dada mmoja kati yetu akasema, “Ninyi mnamtafutia huyu mtu tarehe. Yule mtoto naye mmemtafutia tarehe gani?” Swali lake tutalirudia.

Huruma si haki

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Waliohukumiwa kifo wamekuwa wakisubiri tu, na marais wamekuwa wakiwapunguzia adhabu kwa mkupuo. Agosti 2009 Rais Mwai Kibaki aliwageuzia zaidi ya wafungwa 4,000 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta alifanya hivyo kwa wafungwa 2,747. Kwa hiyo wafungwa wengi wa maisha wa Kenya ni watu waliokwisha kuhurumiwa mara moja. Kitanzi kimeondolewa, lakini hawajui kama siku moja watatoka.

Sheria ya magereza ya Kenya inampa mfungwa mwenye nidhamu na bidii ya kazi punguzo la theluthi ya kifungo chake. Aliyefungwa miaka 30 anaweza kutoka baada ya 20. Wa maisha hapewi punguzo hilo. Anaweza kulima bustani ya gereza, akajifunza useremala, akafundisha wenzake kusoma, na asipunguziwe hata siku moja. Njia kuu inayobaki ni msamaha wa Rais, ambao uko katika Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya, na kwa Tanzania katika Ibara ya 45.

Msamaha huo una kasoro gani? Wasomaji wetu wa Tanzania hawajasahau tarehe 9 Desemba 2017. Katika sherehe za Uhuru mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kuwasamehe wanamuziki Nguza Viking, yaani Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha, waliokuwa wakitumikia kifungo cha maisha tangu 2004 kwa makosa ya kuwabaka watoto. Wapo walioshangilia wakiamini kwamba wawili hao walionewa. Wapo walioumia wakiwafikiria watoto. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilisema kwamba baadhi ya haki zao katika uendeshaji wa kesi zilikiukwa.

Hatuandiki haya ili kuihukumu upya kesi hiyo. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba msamaha ule ulikuja kwa hotuba. Haukuwa hukumu yenye sababu zilizoandikwa, ambayo mfungwa mwingine wa Ukonga au Isanga angeisoma na kujua naye afanye nini ili afikiriwe. Huruma haidaiwi. Ikija, unashukuru. Isipokuja, huna pa kulalamika. Haki ni kitu kingine.

Uganda: kutoka 20 hadi kaburini

Uganda nayo ina somo lake. Januari 2009 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, ilikataa adhabu ya kifo ya lazima. Wafungwa waliokuwa wamekaa zaidi ya miaka mitatu wakingoja kunyongwa, baada ya rufaa zao kuisha, waligeuziwa adhabu kuwa kifungo cha maisha bila punguzo. Wengine walirudishwa mbele ya jaji ili adhabu zao zipimwe upya. Kigula alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Mwaka 2011 alipewa miaka 20, na Januari 2016 akatoka gerezani, akiwa amesomea sheria humo humo kupitia Chuo Kikuu cha London.

Mwaka 2011 pia, katika kesi nyingine, mahakama hiyo hiyo ilisema kifungo cha maisha maana yake ni uhai wote wa mfungwa. Kabla ya hapo sheria ya magereza ilikuwa ikikihesabu kama miaka 20 kwa ajili ya kukokotoa punguzo. Neno halikubadilika hata herufi, lakini maana yake ilitoka miaka 20 ikafika kaburini.

Na hapa tunaposoma?

Tusiione Ulaya kuwa imemaliza jambo hili. Hapa Uingereza, kwa kawaida jaji anayetoa kifungo cha maisha hutaja muda wa chini: 15, 20, 30. Muda huo ukiisha, Bodi ya Parole huangalia kama mtu huyo bado ni hatari. Kama bado, anabaki ndani. Akitoka, anaishi chini ya masharti hadi kufa, na akiyavunja anaweza kurudishwa.

Lakini wapo wachache, kama 70 hivi, waliohukumiwa kufia gerezani bila muda wa chini. Tarehe 9 Julai 2013, katika kesi ya Vinter, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliyoko Strasbourg ilisema mfungwa wa maisha lazima awe na njia ya kweli ya hukumu yake kuangaliwa tena, na ajue tangu siku ya kwanza ni lini na kwa vigezo gani. Ilitaja miaka 25 kuwa ndio muda ambao nchi nyingi hauzidi kabla ya kuangalia. Mahakama ilisisitiza kwamba kuangaliwa tena si sawa na kuachiwa. Hata hivyo, Januari 2017, katika kesi ya Hutchinson, ilikubali maelezo ya serikali ya Uingereza kwamba mamlaka ya waziri ya kumwachia mfungwa katika hali za pekee yanatosha. Kwa maoni yetu, hapo hata Ulaya ilirudi kwenye huruma.

Siku ndani ya ukuta

Tarehe 17 Desemba 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni mpya za kuwatunza wafungwa. Ziko 122, na zinaitwa Kanuni za Nelson Mandela, kwa heshima ya mfungwa wa maisha aliyehukumiwa Juni 1964 na kutoka Februari 1990. Zinakataza kumfungia mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile cha raia walio nje, awasiliane na familia yake, na kadiri inavyowezekana afungwe karibu na kwao.

Kwa wa maisha kanuni hizi zina uzito zaidi, kwa kuwa yeye atazeekea humo. Atapata shinikizo la damu humo, macho yatafifia humo, na habari ya msiba wa mama yake itamkuta humo. Mandela alizuiwa kumzika mama yake mwaka 1968, na mwaka uliofuata akazuiwa kumzika mwanawe.

Jibu letu kwa dada

Turudi kwa swali la dada yetu. Ni kweli, maumivu ya mtoto hayana tarehe ya kwisha, na hakuna jaji awezaye kuipanga. Lakini kikao chenye tarehe, ambamo familia ya mtoto nayo inasikilizwa, na mtu hatoki mpaka ionekane si hatari tena, kinamlinda mtoto kuliko msamaha unaosikika ghafla redioni. Dada alitusikiliza, akasema bado hajashawishika, ila kikao cha namna hiyo angekwenda.

Wazee wetu wamesema hakuna marefu yasiyo na ncha. Hatudai kila mfungwa wa maisha aachiwe. Wapo ambao pengine hawatatoka kamwe. Tunachosema ni kwamba Bunge la Kenya limetajwa na mahakama mwaka 2017, likatajwa tena mwaka 2025. Liandike tarehe ya kumwangalia mtu upya, na vigezo vyake. Mabunge ya jirani nayo yasingoje kutajwa.

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza sasa amefika ngeli ya U-I. Swali lake tumeliandika katika daftari la kikao, na nafasi ya jibu tumeiacha wazi.