Kwa nini rubani hukataa kutua upepo unapochafuka

ABIRIA wengi wa ndege ndogo hushtuka rubani anapokaribia kugusa ardhi, kisha akaongeza nguvu za injini na kupaa tena. Baadhi yao hunung'unika kwamba wanacheleweshwa. Hata hivyo, huenda hatua hiyo ndiyo iliyowanusuru.

Ndege hubebwa na kasi ya hewa inayopita kwenye mabawa, wala si kasi yake juu ya ardhi. Upepo wa mbele unaovuma kwa kilomita 46 kwa saa ukishuka ghafla hadi 28, mabawa hupoteza kilomita 18 za kasi kabla ya injini kufidia. Iwapo ndege ilikuwa karibu na kikomo chake cha chini, mabawa hushindwa kuibeba, nayo huporomoka ikiwa mita chache tu kutoka ardhini.

Ndiyo maana marubani hufunzwa kuongeza nusu ya tofauti hiyo. Ndege aina ya Cessna 172, ambayo kwa kawaida hukaribia uwanja kwa takriban kilomita 120 kwa saa, itakuja kwa 129 hivi.

Lakini kuzidisha nako kuna hatari, kwani ndege huendelea kuelea huku barabara ikiisha. Katika uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kasi halisi huzidi ile inayosomwa kwenye saa ya rubani kwa karibu asilimia 10.

Upepo wa ubavuni huongeza ugumu. Rubani huelekeza pua upande unakotoka upepo, kisha kabla tu ya kutua huinyoosha kwa usukani wa mkiani na kuinamisha bawa la upande huo. Gurudumu la upande wa upepo hutangulia kugusa, likifuatwa na la pili, kisha la mbele. Hata hapo kazi haijaisha, kwa kuwa upepo waweza kuibinua ndege ikiwa bado inakimbia.

Mambo hayo yakikosa kulingana, njia salama ni kupaa, kusubiri upepo utulie, au kutafuta uwanja mwingine mafuta yangalipo. Abiria anayemshinikiza rubani ashuke kwa lazima anahatarisha maisha yake mwenyewe. Wahenga walisema, kawia ufike.