Samaki kama Kiashiria cha Uchafuzi wa Plastiki katika Ziwa Viktoria

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika taaluma ya mazingira, kitu kinachotudhihirishia hali ya kitu kingine kisichoonekana kwa urahisi huitwa kiashiria. Makala haya yanaeleza namna samaki anavyoweza kuwa kiashiria cha plastiki zilizomo majini, pamoja na mipaka ya ushahidi wake.

Plastiki haiozi kama jani. Mifuko, chupa na nyavu za nailoni huchakazwa na jua na mawimbi hadi zikawa chembe zisizozidi milimita 5. Samaki huzimeza chembe hizo akidhani ni chakula, au humla kiumbe aliyekwisha kuzimeza.

Mnamo mwaka 2016, Florence Biginagwa na wenzake walichapisha utafiti wa kwanza uliothibitisha kuwapo kwa plastiki katika samaki wa Maziwa Makuu ya Afrika. Walinunua sangara 20 na sato 20 huko Mwanza, Tanzania. Hawa ndio mbuta na ngege wa wavuvi wa Kisegi, katika ufuo wa Kenya wa ziwa lilo hilo. Matumbo yaliyeyushwa kwa kemikali, kisha mabaki yakapimwa kwa miale ya infraredi ili kutenganisha plastiki na nyuzi za asili. Plastiki ilithibitishwa katika samaki mmoja kati ya kila watano, kwa aina zote mbili. Sangara hula samaki wenzake, ilhali sato hula pia mwani na masalia ya mimea. Ni dhahiri basi kwamba plastiki haiingii kwa njia moja tu ya chakula.

Hata hivyo, ushahidi huu una mipaka. Samaki huhama, na aliyoyameza huyatoa. Hivyo tumbo lisilo na plastiki si hati ya usafi wa maji. Samaki wa sokoni naye hasemi alivuliwa wapi. Hali kadhalika, plastiki kuonekana tumboni hakuthibitishi kwamba mlaji amedhurika.

Kwa mkazi wa Kisegi, suala hili linafika mezani. Mbuta hutolewa matumbo kabla ya kupikwa, lakini omena, yaani dagaa, huanikwa na kuliwa mzima, utumbo ukiwamo. Anayetaka kujua kinachomfikia mlaji hana budi kuanza na omena, aliyevuliwa mahali panapojulikana na kupimwa mwaka baada ya mwaka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Vipimo vya aina hiyo vingesaidia kuonyesha kama marufuku hayo yamelifaa ziwa.

Mvuvi ndiye anayejua alikotega wavu. Ili aweze kushiriki, sharti aelezwe jambo hili kwa lugha anayoielewa, na hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopata kazi ya kufanya.