Nani Alimlipa Mchongaji?

Fedha za umma zikitajwa Fizi, mashariki mwa Kongo, jibu ni lilelile: barabara kwanza, hospitali kwanza, ngoma zitajilipa zenyewe kama zamani.

Zamani ngoma hazikujilipa. Ushahidi uko kwa Wabembe wa Fizi wenyewe na jirani zao Walega, katika chama cha bwami. Kwa Walega bwami ilikuwa na ngazi, ya juu kabisa ikiitwa kindi, na hakuna aliyepanda kwa mali yake peke yake. Baba wadogo, wajomba na wakwe walichanga mbuzi, chumvi, mafuta na musanga, fedha ya magamba yaliyotungwa uzini. Mchango huo ndio uliolisha wageni, ukawatuza wachezaji na wachongaji. Sanamu ndogo ya mti au pembe ilikuwa somo: mwalimu aliishika, akacheza, akaimba methali, na mwanachama mpya akaelewa ulafi na ugomvi humfikisha mtu wapi. Daniel Biebuyck, aliyewatafiti Walega miaka ya 1950, aliandika mamia ya methali hizo.

Anayeziita sanamu hizo uchawi na kuzichoma moto anachoma vitabu vya shule.

Wakoloni wa Ubelgiji waliiogopa shule hiyo. Waliipiga bwami marufuku mwaka 1933, kisha tena 1948. Mfuko wa ukoo ulipovunjwa, sanamu zilienda kwa aliyekuwa na pesa. Nyingi ziko Ulaya, zikiwemo za jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lililofunguliwa upya mwaka 2018 baada ya ukarabati wa zaidi ya yuro milioni 60. Fedha hizo zilikuwa za umma wa Ubelgiji. Makumbusho ya Taifa ya Kinshasa, yaliyofunguliwa 2019, yalijengwa kwa fedha za Korea Kusini.

Makobola, huko Fizi, ina sababu nzito zaidi ya kudai mfuko wa pamoja. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi mapema Januari 1999 mamia ya raia waliuawa hapo na katika vijiji vya karibu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 imeyaandika mauaji hayo. Ripoti haiimbwi msibani, na mtoto wa Makobola hataisoma. Wimbo na mchezo wa kuigiza atavishika, ikiwa kuna anayewalipa watunzi na waigizaji.

Sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 ilianzisha FONAREV, mfuko wa fidia kwa waathirika, unaopewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Sehemu ya fedha hizo ifike kwa watunzi wa Makobola, wangali hai wanaokumbuka majina ya waliouawa.