Urejeshaji wa wiki

Urejeshaji wa wiki ni kazi ya kurudisha kurasa, picha na historia ya wiki baada ya kuhamia programu mpya. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa na watu wa kujitolea, hasa katika wiki za wapenzi wa jambo fulani, kama vile michezo ya kompyuta au treni.

Katika programu ya MediaWiki, kurasa hutolewa kama faili la XML, kisha huingizwa kwenye seva mpya. Kwa kawaida faili hilo hubeba maandishi bila picha wala akaunti za watumiaji. Hizo huhamishwa peke yake. Vigezo vinavyotegemea programu za nyongeza havifanyi kazi mpaka programu hizo ziwekwe upya.

Historia ya kurasa inaonyesha nani aliandika nini, na leseni ya CC BY-SA inadai waandishi watajwe. Wikipedia ya Kiingereza iliacha programu ya UseModWiki mwaka 2002, na mabadiliko mengi ya mwanzo yalidhaniwa kupotea. Mnamo Desemba 2010 Tim Starling aligundua nakala za akiba zenye mabadiliko ya miezi ya kwanza ya 2001.