Jiwe la Manjano la Milima ya Uluguru

Kila mkulima wa Binza anaijua kutu. Jembe likiachwa nje wakati wa mvua, chuma chake hushikana na hewa iitwayo oksijeni, kikageuka unga mwekundu. Chuma hakikupotea, bali kimevaa vazi jingine. Na jambo hilo ndilo mlango wa maneno yetu ya leo.

Katika milima ya Uluguru, upande wa Morogoro, palipatikana jiwe jeusi, zito mno, liitwalo uraniniti. Ndani yake mna madini ya urani, yatoayo miali isiyoonekana kwa macho. Juu yake palikuwa na ganda la manjano. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani, Willy Marckwald, alilieleza ganda hilo, akaliita ruthafodini kwa kumheshimu Ernest Rutherford, mchunguzi mkuu wa miali hiyo.

Je, ganda hilo hutokeaje? Maji ya mvua hubeba oksijeni, tena hubeba hewa ya kaboni, ile tuitoayo tupumuapo. Yakipenya katika nyufa za mwamba, oksijeni huigeuza urani, kisha kaboni nayo hushikana nayo. Ndipo kila chembe moja ya urani huwa na chembe moja ya kaboni na tano za oksijeni. Ruthafodini ni ndugu wa mawe ya chokaa: ikitiwa asidi hutoa povu. Tena urani ya namna hii huweza kuyeyuka katika maji, hasa yenye magadi, ikachukuliwa mbali.

Lakini angalieni: rangi imebadilika, na uzito umebadilika, ila miali ya urani haikupungua. Sababu yake ni kwamba miali hutoka katika kiini cha chembe, ambako moto, maji wala asidi havifiki. Nusu ya urani huchukua miaka kama milioni 4,500 kugeuka, hatua kwa hatua, hata iwe risasi.

Basi vijana wetu waendao machimboni wasidanganywe kwamba jiwe hilo likichomwa au kuchemshwa madhara yake yamekwisha. Urani ikiingia mwilini hudhuru figo, na vumbi lake likivutwa hudhuru mapafu. Msilisage, wala msiliweke katika chumba mlalamo. Naweni mikono, kisha wapelekeeni habari maofisa wa madini, walio na vyombo vya kuipima miali ambayo jicho la mtu haliwezi kuiona.